Jani la Mlango wa Ngoma

Mtu aliyezeeka akihukumu mbio za wenzake, mimi sikuwahi kumwona akiharakisha mguu ila mara moja. Alitoka kwake umande ukishakauka, akafika barazani kwetu wenzake wakiwa wamekwisha kunywa kahawa, wamebishana, wamenuniana na wamepatana. Ukimwambia, "Waitu, leo umechelewa," maana ndivyo Wanyambo, wenyeji wa huku Karagwe, wanavyomwita mtu wa heshima, alikujibu, "Kwani nani alikuwa ananifukuza?" Kisha aliketi mahali pake, mwisho wa benchi karibu na magunia ya chumvi, akanyoosha mguu wake wa kulia uliokuwa mzito kidogo, akangoja aulizwe. Naye aliulizwa tu. Baraza la mume wangu halikuweza kupitisha siku bila kumwuliza.

Tulimwita Mpokeajani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake katika ikulu ya Mukama, mfalme wa Karagwe, kabla Wadachi hawajajenga boma lao Bukoba na mambo ya ikulu kuanza kupungua. Bila shaka wazazi wake walimpa jina, ila sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Ukoo wake siujui, na miaka yake hata yeye hakuijua. Mimi mwenyewe si mtu wa huku kwa asili. Mama yangu ni wa Pangani, baba alikuwa mtu wa misafara, nami nililetwa Karagwe bi arusi wa mfanyabiashara wa nguo, chumvi na buni. Kinyambo nilijifunzia dukani kwa kusikia watu wakilalamikia bei. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyaona kwa macho yangu kutoka nyuma ya meza ya duka, na yale niliyoyasikia barazani, ambako hakuna aliyekuwa akisema polepole.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana vijana wa siku hizi nikiwaambia hunitazama usoni kuona kama nacheka.

Zamani hizo habari za kaskazini zilipitia Murongo, kwenye kivuko cha mto Kagera. Msafara ukitokea Nkore, au mgeni akitaka kuvuka, au ng'ombe wakionekana ng'ambo, kijana alitumwa mbio kwenda kuarifu ikulu. Njia ni ndefu, kando yake kuna migomba, na penye migomba hapakosi rubisi, pombe ya ndizi ya huku. Wajumbe walikuwa wakipumzika kuonja kidogo, na habari zikafika zimechacha. Basi wazee wa kale wakaweka desturi. Mvushaji wa Murongo alikata jani changa la mgomba, lile la katikati ambalo bado limejikunja, akamkabidhi mjumbe. Mjumbe alilipeleka mkononi mpaka kwenye mlango wa nyumba ya ngoma za ufalme, na hapo alimkuta Mpokeajani. Naye alilikunjua, akaliinua juani, akalipitisha kidole gumba toka shinani hadi nchani, akalinusa, kisha akatamka neno moja mbele ya watu.

Akisema "Limekufa," ilijulikana kijana alilala njiani, na ilimpasa ajieleze kwa wakubwa. Akisema "Limefika," kijana ametimiza kazi yake, akaribishwe aketi ale. Akisema "Li hai," wanawake walipiga vigelegele na kijana akapewa ndama. Na kama lilikuwa hai kuliko majani yote yaliyotangulia, lilitundikwa juu ya mlango, na lile lililokuwapo likashushwa na kutiwa motoni hapohapo, watu wakitazama. Mlango ulibeba jani moja tu. Mwenye jani la mlangoni ndiye mkimbiaji aliyewapita wote, hai na wafu, mpaka atokee mwingine.

Palikuwa na sharti moja ambalo kila mtoto alilijua. Jani la mvua halihukumiwi. Mvua hulihuisha jani, hata kobe angefika nalo bichi. Aliyenyeshewa njiani aliambiwa "Limefika," hata kama alikimbia mpaka akatapika damu.

Sasa mtaelewa kwa nini baraza letu lilikuwa na makelele. Mabishano yalianzia mbali. Mume wangu aliwasifia waogeleaji wa pwani, na waliomsikiliza walimwuliza kama hao waogeleaji walishawahi kuogelea penye mamba. Mchunga ng'ombe mmoja aliyekuwa akivuka kwenda Rwanda alituapia kwamba vijana wa huko huruka juu kuliko kimo chao wenyewe, na akasimama kuonyesha, akaangusha kibao cha bao. Mwingine alikuwa na habari za mpiga mieleka wa Nkore ambaye mgongo wake haukuwahi kugusa udongo. Mwingine alimtaja babu yake aliyerusha mkuki ukavuka Kagera. Mkuki huo ulikuwa ukienda mbali zaidi kila mwaka, ingawa aliyeurusha alikuwa amekwisha kufa.

Lakini jua likipanda wote walirudi kwenye mbio, na kwenye mbio walirudi kwa watu wawili: yule wa Kimuli na yule wa Ihembe.

Yule wa Kimuli ndiye aliyekuwa na jani la mlangoni. Alikuja kutoka Murongo mchana mmoja, akamtia Mpokeajani jani mkononi, akaanguka pale mlangoni na hakuinuka tena. Hakuwa na mke wala mtoto, alikuwa na mama tu. Yule wa Ihembe alikimbia njia hiyohiyo miaka michache baadaye, wakati wa kiangazi. Waliomwona akiingia uani walisema jani lilionekana kama limekatwa nyuma ya nyumba. Lakini Mpokeajani alilikunjua, akaliinua, akalinusa, akasema, "Limefika." Ikawa basi. Mlangoni pa ngoma mtu habishi.

Barazani, mtu alibisha. Watu wa Ihembe walisema mwenzao alidhulumiwa. Watu wa Kimuli walisema jani lililoletwa na mfu halishushwi na domo. Wengine walitafuta visingizio vya nyakati: kwamba zamani njia ilikuwa pori na nyasi ndefu, siku hizi serikali imefyekesha barabara, kwa hiyo mbio za sasa si mbio. Wengine wakasema hata barabara ingetandikwa mikeka, vijana wa sasa wasingeweza, kwa sababu ya funza. Hilo lilikuwa kweli. Wadudu wale waliingia nchi yetu kwa mara ya kwanza katika miaka ile ya taabu, pamoja na sotoka ya ng'ombe, na watu hawakujua kuwatoa. Walikula nyayo za nchi nzima. Yule wa Ihembe walimla vidole vya mguu wa kushoto, karibu vyote. Hakuweza kukimbia tena, kwa hiyo hakuweza kwenda kuliuliza swali lake kwa miguu.

Aliliuliza kwa mdomo. Kila baada ya mavuno ya buni alikuja dukani kwetu kuuza, mtu mrefu, mkimya, akitembea kwa fimbo. Aliuza kwanza, akanunua chumvi, kisha akatoka barazani na kusimama mbele ya Mpokeajani.

"Shikamoo, waitu."

"Marahaba."

"Siku ile ulisemaje?"

"Nilisema limefika."

"Haya. Nilidhani labda nimesahau."

Akainamisha kichwa, akashika njia. Mwaka uliofuata vilevile. Barazani walikuwa wakinyamaza yanaposemwa maneno hayo, hata wale wa Kimuli. Mimi yalinichoma. Mtu hakudai ng'ombe, hakudai cheo. Alitaka neno moja kutoka kwa mtu mmoja, na huyo mtu alikuwa amekaa hapo anatafuna kahawa. Kwa desturi ya huku buni huchemshwa na majani yenye harufu, ikakaushwa, ikatafunwa. Mpokeajani aliitafuna polepole mno, upande mmoja wa mdomo, na mgeni wake akishaondoka hutema maganda na kuomba nyingine.

Nilimwambia siku moja, maana sikuzaliwa na breki mdomoni, "Mzee, una roho ya jiwe. Kungekupunguzia nini kumpa yule mtu neno lake?"

Akanitazama. "Mama wa dukani," akasema, "chumvi yako leo ina mchanga."

Ugumu wake ulikuwa na habari nyingi. Walisema mtoto wa dada yake aliwahi kutumwa na jani, akafika nalo limelegea, na mjomba mtu akasema "Limekufa" bila kupepesa jicho, wakati angeweza kusema "Limefika" na hakuna ambaye angejua. Kijana alipata adhabu. Dada yake hakumpikia tena mpaka kufa kwake. Nilipomwuliza kama ni kweli, alijibu kwamba dada yake alikuwa mpishi mzuri. Maji yakimwagika hayazoleki, alipenda kusema, akimaanisha neno lililotamkwa mlangoni. Kamari hakuitaka. Watu walipoanza kuwekeana vitu katika mbio za watoto, aliondoka na benchi lake, yaani alilibeba kabisa, tukalazimika kwenda kulichukua kwake.

Palikuwa na swali moja la kumkomesha, na wajanja wa baraza walilipenda. "Waitu, jani la mlangoni limekauka zamani. Jani jipya likija unalilinganishaje?" Aliinua kidole gumba chake cha kulia, kimepauka na kukunjamana kwa uzee, akakitazama kana kwamba ni mtu mwingine. "Huyu hasahau," alisema. Hapo mabishano yalikwama, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Umbali ulikuwapo, njia ilikuwapo, wakimbiaji walikuwapo, lakini nani amempita nani lilikuwa ndani ya kidole cha mzee mmoja, na sisi wengine wote tulikuwa tukipiga kelele nje.

Mume wangu hakuridhika na hilo. Alipata saa ya mfukoni kutoka kwa mfanyabiashara mwenzake wa Bukoba, na alivyoipenda, mimi nilianza kumwonea wivu. Akaileta barazani.

"Hii ingekuwapo zamani," akasema, "tusingebishana hivi."

Mpokeajani aliichukua, akaiweka sikioni, akasikiliza kwa makini. "Inafanya nini?"

"Inahesabu wakati. Mtu akitoka Murongo, ingetuambia ametumia muda gani njiani."

"Na kama amenyeshewa?"

"Hilo haijui."

"Na kama alitoka kwao hajala?"

"Hilo nalo haijui."

"Na mama yake akija kuiuliza habari za mwanawe, itamjibu?"

Watu wakacheka, na mume wangu akacheka nao. Mpokeajani hakucheka. Alimrudishia saa yake kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akasema, "Basi kazi ngumu mmeniachia mimi." Nililikumbuka jambo hilo baadaye sana.

Nimesema alikuwa mgumu. Sasa niseme upande wake mwingine, ambao kwa miaka sikujua niuweke wapi.

Mama wa yule kijana wa Kimuli alikuwa anakuja kila kiangazi. Alikuwa kikongwe tayari nilipomwona mara ya kwanza, mdogo, amejifunga ngozi iliyolainishwa kwa siagi, na mkononi ana kibuyu cha siagi ya kupaka ngoma. Zamani aliketi kando ya mlango wa nyumba ya ngoma na kulitazama jani la mwanawe, kisha akarudi kwao. Baadaye ikulu iliishiwa watu, nyumba ya ngoma ikavuja, paa likaanguka upande mmoja. Mpokeajani alilishusha jani kabla mvua haijalifikia, akaenda kulitundika juu ya mlango wake mwenyewe, ndani, mahali moshi wa jikoni unapopita ili wadudu wasiliguse. Kikongwe akahamisha safari zake, akawa anakuja pale.

Nyumba ya Mpokeajani ilikuwa jirani na shamba langu la migomba, kwa hiyo niliona. Yule mzee ambaye hakumwinukia mtu yeyote, hata akida alipopita na askari wake, siku ya kuja kikongwe aliamka mapema. Alifagia ua mwenyewe. Alitandika nyasi mpya. Akimwona anapanda kilima, alitoka kumlaki, na mguu wake ule mzito.

"Bado lipo?" kikongwe aliuliza.

"Bado lipo, mama."

Akaingia, akaketi, akaliangalia. Hakuligusa. Hakulia pia. Alikaa mpaka akaridhika, akala alichopikiwa, akamwambia Mpokeajani, "Ulimpokea mwanangu vizuri," akaondoka. Na Mpokeajani siku mbili tatu zilizofuata hakuja barazani. Mimi kwa umbea wangu nilidhani ana lake jambo na yule mama, nikamtania, nikamwuliza mahari ni vibuyu vingapi vya siagi. Hakunijibu hata neno la mchanga kwenye chumvi. Niliona uso wake, nikaacha kutania.

Mume wangu alikufa kwa homa, nami nikabaki na duka. Watu walidhani nitarudi pwani. Pwani ningerudi kwa nani? Baraza lilipungua, wengine walikufa, wengine walikwenda kubeba mizigo ya serikali. Mpokeajani aliendelea kuja, sasa akichelewa zaidi, na wakati mwingine tulikuwa wawili tu, yeye kwenye benchi na mimi mezani, na buni kati yetu. Yule wa Ihembe akaacha kuja. Magoti yalimshika, tukasikia, buni yake ikawa inaletwa na mkewe. Mavuno ya kwanza mkewe alipokuja peke yake, Mpokeajani alingoja mpaka jioni. Alikuwa akitazama njia. Nilimwambia, "Hakuna wa kukuuliza leo," nikakusudia mzaha, lakini haukutoka kama mzaha.

"Naam," akasema. "Hakuna."

Kisha kikatokea kiangazi ambacho kikongwe hakuja. Aliyekuja ni mpwa wake, mtu mzima, amenyoa kichwa. Alinisalimu pale dukani na kuniuliza nyumba ya Mpokeajani, akanieleza kwamba mama wa Kimuli amefariki na mazishi ni kesho. Nilimsindikiza. Mpokeajani alimsikiliza akiwa amesimama. Halafu aliingia ndani, akaburuta kinu, akapanda juu yake kwa shida, akalishusha lile jani. Lilikuwa jeusi kwa moshi, limekauka na kujikunja, na uzi wa mgomba uliolifunga bado umeshika. Alilifunika kwa kitambaa alichoniomba dukani, akaenda Kimuli na yule mpwa. Nilisikia baadaye kwamba walipokuwa wakimzika aliomba ruhusa, akaliweka jani mkononi mwa marehemu, na ukoo haukuona ubaya, kwani lilikuwa la mtoto wake.

Aliporudi alipumzika. Halafu asubuhi moja, umande bado uko chini, akabisha mlangoni kwangu. Nilidhani kuna msiba mwingine, kwa sababu sikuwa nimepata kumwona kwangu saa hizo.

"Mama wa dukani," akasema, "nakuomba jani. Lile la katikati. Ulikate wewe."

"Nilikate mimi kwa nini? Mikono huna?"

"Anayebeba hakati. Na utembee nami mpaka Ihembe, ushuhudie kwamba hatukunyeshewa."

Nilitazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa kiangazi, hapakuwa hata na wingu la kuazima. Nilitaka kuuliza mengi, lakini kulikuwa na kitu katika namna alivyosimama ambacho kilinifunga mdomo, na hilo kwangu si jambo la kila siku. Nilikata jani kwenye mgomba wa nyuma ya jiko, bichi, la kijani hafifu, bado limejikunja. Nikamkabidhi. Nikafunga duka.

Ile safari sitaisahau. Alikwenda mbio. Nasema mbio, na anayetaka kucheka acheke, lakini mtu ambaye maisha yake yote alitembea kama anayehesabu majani ya nyasi alikuwa akiukokota ule mguu na kusukuma mbele, jani limeshikwa wima mbele ya kifua, jasho linamtiririka masikioni. Nilimwambia apumzike kwenye kivuli, akakataa. Nilimpa maji, akanywa akitembea, na alipoona tone limedondokea karibu na jani alilihamishia mkono wa pili na kurudisha kibuyu kwangu. Jua lilipanda. Niliona kingo za jani zinaanza kulegea, kisha ncha ikainama. Naye aliona. Alizidisha mwendo, na mwendo wake ulikuwa si kitu. Watoto wenye mitungi ya maji walitupita. Nilimwonea huruma.

Tulifika Ihembe jua likiwa limevuka utosi. Yule mkimbiaji alikuwa ameketi uani kwenye mkeka, chini ya migomba yake, anachambua buni pamoja na mkewe na majirani wawili watatu. Miguu ameinyoosha mbele, ule wa kushoto bila vidole. Alimwona mgeni akiingia, akaacha mkono wake ndani ya buni.

"Shikamoo, waitu," akasema. "Umekuja na jua kali. Karibu uketi."

"Marahaba. Siketi bado." Mpokeajani alikuwa anahema. Alingoja pumzi irudi. "Nimekuja kusema mbele ya watu. Yule wa Kimuli, jani lake lilikuwa la mvua. Kwetu ikulu palikuwa na jua, ila yeye alinyeshewa milimani. Nyinyi mlidhani ni jasho. Mimi nililishika, nikajua. Nilipaswa kusema limefika, na nilikuwa nataka kusema, lakini alikuwa amelala pale chini, na sikuwa na wa kumwambia. Kesho yake mama yake akaja kumchukua. Hakulia. Aliniuliza, jani la mwanangu lilikuwaje? Nikamwambia li hai, kuliko yote. Nikalitundika."

Kuku walikuwa wakiparua nyuma ya nyumba.

"Kisha ukaja wewe. Kiangazi, kama leo. Sijapata kushika jani kama lile, kabla wala baada. Lakini mama yule alikuwa ameketi kando ya mlango na kibuyu chake. Ningesema li hai, watu waliokwisha kuliona wangetaka litundikwe, na ingenipasa nilishushe la mwanawe na kulitia motoni anatazama. Nikasema limefika. Nilikuona ulivyonitazama. Kila ulipokuja kuniuliza nilitamani kukujibu, na kila kiangazi mama yule alikuja. Sasa ametangulia, na jani la mwanawe amekwenda nalo. Lako lilikuwa hai. Lilikuwa hai kuliko yote. Jani la mlangoni lilikuwa lako, wewe, na nilikunyima."

Halafu alifanya jambo ambalo nadhani halikuwahi kufanywa na Mpokeajani yeyote. Alipiga goti lake moja zima, akamnyooshea yule mtu jani kwa mikono miwili, kama wajumbe walivyokuwa wakimnyooshea yeye.

Mke wa yule mkimbiaji alijifunika uso kwa upande wa kanga. Mimi nililia wazi, sikujificha. Nililia kwa ajili ya kikongwe na siagi yake, na kwa ajili ya huyu aliyeuliza mpaka miguu ikakataa, na kwa ajili ya huyu mwingine niliyemwambia ana roho ya jiwe. Jirani mmoja alianza kusema kitu kuhusu watu wa Kimuli. Mwenye nyumba aliinua mkono kumzuia.

Akalipokea jani. Alifuta vidole kwanza kwenye nguo, maana vilikuwa na utomvu wa buni. Akalikunjua taratibu. Akaliinua juani, na sote tukaona mwanga ukipita kwenye kingo zilizolegea na ile ncha iliyoinama. Akalipitisha kidole gumba toka shinani hadi nchani. Akalinusa. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Limefika," akasema.

Nilimwangalia Mpokeajani. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama walivyoinamisha wale vijana wote waliosimama mbele yake. Hakubisha. Yeye ndiye aliyejua kuliko sisi sote kwamba hukumu ilikuwa ya haki.

Yule wa Ihembe aliliweka jani pembeni, mahali safi. Kisha akasukuma buni kwa kiganja, akajivuta kwa taabu mpaka ukingoni mwa mkeka, akapigapiga ile nafasi aliyoiacha.

"Keti, waitu," akasema. "Ule."